Dakika Kumi za Oiva

Kajaani, saa mbili asubuhi, nje bado usiku.
Mama anaweka mezani saa ya kuchemshia mayai:
dakika kumi.
Oiva anapanda ubao wa duara,
ule unaoyumba kama ahadi ya mlevi,
mguu mmoja juu,
na kutoka kiganja hadi kiganja anarusha soksi ya baba
iliyojazwa njegere kavu.
Cha, zinasema njegere. Cha. Cha.
Ikianguka, tunahesabu upya.
Nimekula uji wangu kwa mdundo huo tangu Septemba.

Halafu unakuja mchezo.

Nisikilizeni: mimi, Helka, wa miaka kumi na minne,
niliyenyang'anywa mashine ya michezo kwa sababu ya alama za hesabu,
naosha vyombo
huku mdogo wangu akiandikiwa mchezo kama dawa,
kutwa mara mbili, baada ya chakula.
Kuna siku nilitamani na mimi herufi zinikimbie.

Mchezo wenyewe hauna hata bunduki.
Samaki mwekundu anakata kioo kushoto kwenda kulia,
anashuka, anarudi kushoto, anaanza tena,
kama anayesoma ukurasa usio na maneno.
Kazi ya Oiva ni kumfuata, kichwa kimetulia,
na kubonyeza kila samaki anapobadili rangi.
Macho, si shingo, alisema Bi Rautio wa kliniki.
Oiva akasema ndiyo, akafuata kwa shingo.
Akafuata kwa mabega.
Wiki ya pili alifuata kwa kiti kizima.
Ndipo mama akamwekea kisahani kichwani,
kile cha maua ya buluu, cha mwisho katika seti ya bibi.
Siku hizi tunatumia cha plastiki.

Baba haamini. Hasemi, lakini haamini.
Anaikunja bili ya kliniki mara nne, mara nane,
mpaka inalingana na stempu.
Usiku mmoja nilimsikia nyuma ya ukuta:
"Nimetaka mtoto asome, wao wananilelea mvuvi."
Mama hakujibu. Nilisikia tu njegere,
cha,
akiziokota gizani.

Mnaijua hila ya lugha yetu?
Tuli ni moto.
Ongeza u moja, tuuli, umekuwa upepo.
Ongeza l badala yake, tulli: uko forodhani.
Oiva husimama mbele ya neno kama msafiri asiye na hati,
hajui ataungua, atapeperushwa, au atapekuliwa mabegi.
Darasani wanacheka. Nyumbani hatucheki,
isipokuwa siku ile bibi wa hadithini alipochoma soseji forodhani,
na Oiva mwenyewe ndiye aliyeanza.

Juzi mama alikuwa zamu ya usiku. Nikaachiwa saa ya mayai.
Nikamwambia, hebu nijaribu.
Kisahani kichwani. Samaki akaondoka,
nami nikaondoka naye, shingo na yote,
kisahani kikaruka hadi kwenye sinki.
Kumbe ni kazi.
Kumbe macho nayo ni mafahali wawili, na zizi ni moja.
Oiva hakucheka. Alininyoosha kidevu kwa kidole:
"Usimkimbize. Mwache aje."

Niseme amepona? Sisemi.
Bi Rautio ana grafu inayopanda;
mwalimu ana daftari lenye wino mwekundu uleule.
Labda ni samaki. Labda ni njegere, au umri tu,
au ni mama, dakika kumi, simu imezimwa.

Ila jana ndani ya basi, barafu imeziba dirisha,
alikwangua tundu kwa ukucha, akachungulia
kibao kikipita, akatamka
l ya kwanza, akaingoja ya pili:
"Tulli."
Akanigeukia taratibu,
kisahani kisichokuwepo kimetulia kichwani.
"Forodha, Helka. Si moto."

Jioni soksi ilianguka mara tisa.